Moto kwenye shuka, majivu ardhini: filamu za zamani na somo la volkano Bariadi

Chukua ramani ya Tanzania na rula. Weka rula Bariadi mjini, halafu vuta mstari ulionyooka kwenda mashariki, usipande wala usishuke. Mstari wako utaingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, utapita jirani na vilima vya mawe vya Moru, utafika karibu na lango la Naabi, utavuka tambarare za nyasi fupi na milima ya Gol, na baada ya kilomita 210 hivi utagonga Ol Doinyo Lengai. Bariadi na Lengai ziko karibu kwenye latitudo ileile. Ni majirani wa mstari mmoja.

Nimeanza na rula kwa sababu ndicho kifaa nilichosahau kubeba siku niliyoenda kusaidia kufundisha volkano Bariadi. Nilibeba projekta ya kuazima, spika, laptopu na filamu mbili. Rula sikubeba, na kosa langu la siku ile lilianzia hapo.

Ilikuwa likizo. Mimi na mwenzangu, wote wanafunzi wa uzamili, tulialikwa na mwalimu wa Jiografia wa shule moja ya sekondari hapo mjini. Darasa ni kidato cha tatu, mada ni nguvu zinazobadilisha uso wa dunia, na tulipewa vipindi viwili mfululizo. Tulifunga shuka jeupe ukutani, tukaziba madirisha kwa makhanga, umeme ukakatika mara moja tu, tukamshukuru Mungu. Wanafunzi waliangalia bila kupepesa macho. Lava ilipochemka kwenye shuka, darasa zima lilipiga kelele kama vile goli limefungwa.

Filamu zilipoisha, dada mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo sisi huku kwetu hatuna chochote cha volkano, si ndiyo?"

Nikajibu haraka: "Ndiyo, huku hakuna."

Nilijibu vibaya. Kilichoniuma zaidi nilipofika nyumbani ni kwamba jibu lile sikulitunga mimi. Filamu zilikuwa zimeshalitoa kabla yangu, mimi nikalitia muhuri tu. Kwa hiyo makala haya ni uhakiki wa filamu mbili, ukifanywa na mtu aliyezipenda, akazionyesha, na akaona zinachofundisha na zinachoficha. Kama wewe ni mwalimu, mwanafunzi, au mtu tu unayependa kuangalia mambo ya volkano kwenye simu, twende pamoja.

Filamu ya kwanza: moto wa akina Krafft

Fire of Love iliongozwa na Sara Dosa na ilitoka mwaka 2022. Yenyewe si ya zamani, ila karibu kila picha iliyomo ni ya zamani. Imeunganishwa kutoka kwenye filamu za milimita 16 na picha za mnato za Katia na Maurice Krafft, mke na mume wa Kifaransa waliozunguka dunia wakifuata volkano hadi walipokufa pamoja kwenye mlima Unzen, Japani, tarehe 3 Juni 1991. Siku hiyo wingu la gesi ya moto na majivu liliua watu 43, akiwemo mwanavolkano Mmarekani Harry Glicken.

Kama chombo cha kufundishia, picha zao zina nguvu ambayo kitabu hakina. Mchoro wa kitabuni unakuonyesha bomba linapanda katikati ya mlima, pembeni kuna mishale na majina. Mwanafunzi anakariri. Kwenye filamu anaona lava inavyotembea: juu inaganda ngozi nyeusi, ndani bado inasukuma, ngozi inakunjamana kama shuka lililovutwa. Akishaona hivyo, humhitaji tena kumlazimisha akumbuke kwamba lava ya basalti ni nyepesi na inasafiri mbali. Kaiona ikisafiri. Kwenye mlima wenye lava nzito anaona hakuna mto wowote, kuna mlipuko na wingu la kijivu linaloshuka bondeni. Hiyo ndiyo tofauti ya unato wa magma, na darasa letu liliielewa ndani ya dakika tano.

Sasa tuje kwenye matatizo. La kwanza ni sauti. Kamera za akina Krafft zilichukua picha bila sauti. Ngurumo, milio ya kububujika, mipasuko inayokufanya urudi nyuma kwenye kiti, vyote viliwekwa na watengenezaji wa filamu zaidi ya miaka 30 baadaye. Kwa mtazamaji wa sinema hilo halina ubaya. Kwa darasa la Jiografia lina ubaya, kwa sababu picha ni ushahidi na sauti ni mapambo, na mwanafunzi havitenganishi. Nilipowaambia waandike walichojifunza, wengi waliandika kuhusu mngurumo. Yaani kitu walichokishika kwa nguvu zaidi ndicho ambacho hakikurekodiwa mlimani.

La pili ni rangi. Maurice Krafft alikuwa na njia yake rahisi ya kugawa volkano: nyekundu na za kijivu. Nyekundu zinamwaga lava, unaweza kusogea karibu; za kijivu zinalipuka na kuua. Filamu imeuchukua mgawanyo huo na kuujenga vizuri, na ni kweli unasaidia kuanzia. Shida ni kwamba mwanafunzi anatoka na kanuni kichwani: nyekundu salama, kijivu hatari. Mpeleke Goma na kanuni hiyo uone. Nyiragongo ni nyekundu kwelikweli, na ziwa lake la lava ni miongoni mwa picha nzuri kuliko zote katika filamu. Tarehe 10 Januari 1977 kuta za mlima huo zilipasuka, ziwa likamwagika lote katika muda usiofika saa moja, na lava nyepesi ikateremka kwa kasi ambayo watu wengi hawakuweza kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 lava yake iliingia Goma mjini na kupita katikati ya nyumba za watu. Rangi haikumsaidia mtu.

Kanuni hiyohiyo inavunjika pia kwenye mstari wetu wa rula. Lengai ni nyekundu au ya kijivu? Mwaka 1960 mwanajiolojia J. B. Dawson alipanda na kuona lava ikitoka. Mwaka 1962 alitangaza kwamba lava ile ni ya kabonati, haifanani na lava za kawaida. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava kama hiyo. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati basalti inafika 1,100 au zaidi. Kwa joto hilo dogo, mchana huoni wekundu. Unaona kitu cheusi chepesi kama oili chafu ya gari. Ikishapoa, inakula unyevu wa hewa na ndani ya saa au siku chache inageuka nyeupe. Weupe ule ni chumvi za sodiamu, ndugu wa magadi yale ambayo mama anayatia kwenye maharage ili yaive haraka. Nyeusi, kisha nyeupe. Nyekundu iko wapi?

Krafft mwenyewe alilijua hili. Mwezi Juni 1988 alikuwa juu ya Lengai pamoja na Mjerumani Jörg Keller, wakipima joto la lava ile. Halafu mwaka 2007 Lengai, iliyokuwa imemwaga lava kimyakimya kwa miaka mingi, ilibadilika na kulipuka majivu. Mlima mmoja, tabia mbili. Kwa hiyo ukionyesha Fire of Love katika darasa la Tanzania ukaishia kwenye rangi mbili, umewapa wanafunzi kanuni inayofanya kazi nchi za watu na kugoma nyumbani.

Filamu inaweza kuokoa watu

Kabla hujaniona kama mtu anayechukia filamu, nikupe kisa kimoja. Mwishoni mwa maisha yake Maurice Krafft alitengeneza video ya mafunzo kuhusu hatari za volkano, akishirikiana na chama cha kimataifa cha wanavolkano na UNESCO. Ilikuwa haijakamilika vizuri wakati mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipoanza kuamka mwaka 1991. Nakala ya awali ilipelekwa haraka na kuonyeshwa kwa viongozi na wananchi waliokuwa wanasita kuhama. Pinatubo ulilipuka kwa nguvu zote tarehe 15 Juni 1991, siku 12 baada ya Krafft kufa. Maelfu ya watu walikuwa wameshaondoka. Wengi wa waliokufa siku ile waliangukiwa na mapaa yaliyolemewa na majivu yaliyolowa mvua.

Picha zilitoka kwa watu walewale, wa kamera zilezile. Kwa nini video ile ilifanya kazi ambayo sinema ya mapenzi haifanyi? Kwa sababu ilipangwa kwa hatari, moja baada ya nyingine: majivu yanafanya hivi, tope la volkano linafanya hivi, wingu la moto linafanya hivi. Mtazamaji hakuulizwa "umeona maajabu?" Aliulizwa, bila maneno mengi, "wewe unakaa wapi?"

Hilo ndilo swali lililokosekana darasani kwetu Bariadi.

Filamu ya pili: ndege yenye milia

Filamu ya pili iko karibu zaidi na rula. Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti haipaswi kufa, ilitengenezwa na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ikatoka mwaka 1959, na mwaka uliofuata ikapata Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Baba na mwana waliruka kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, wakihesabu wanyama kutoka angani. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959 baada ya ndege kugongana na tai, na amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro.

Ni filamu ya wanyama. Hakuna anayeiita filamu ya volkano. Mimi nasema kwa mwalimu wa Jiografia wa Simiyu hii ni bora kuliko ya kwanza, mradi ajue asimamishe wapi.

Simamisha pale ndege inapopita juu ya Ngorongoro. Zima sauti. Waambie wanafunzi wachore wanachoona: ukingo, ukuta, sakafu. Sakafu ina kilomita za mraba 260 hivi, kuta zinapanda mita 600 hivi. Halafu uliza: shimo hili lilitokeaje? Karibu wote watasema mlima ulilipuka ukatupa kichwa chake. Jina lenyewe linawaponza, maana filamu inasema kreta, waongoza watalii wanasema kreta, hata sisi tunasema kreta. Kwa mwanajiolojia lile ni kaldera. Kreta ni mdomo ambao volkano inatolea. Kaldera inatokea chumba cha magma kikimwaga kilichomo kikabaki tupu, na mlima uliokuwa umekikalia ukadidimia ndani. Ni kama nyumba ya tembe, ukiondoa nguzo paa linashuka lote kwa pamoja. Ngorongoro ilishuka hivyo zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kutoka chini huwezi kuliona umbo lile lote. Kutoka kwenye ile ndege unaliona, na hapo filamu ya mwaka 1959 inamshinda kila mchoro.

Simamisha tena kwenye tambarare, makundi ya nyumbu yanapotembea. Kamera inawafuata wanyama, na macho yetu pia. Mwambie mwanafunzi aangalie chini ya kwato. Nyasi ni fupi, miti hakuna. Kwa nini? Kwa maelfu na maelfu ya miaka upepo wa mashariki umebeba majivu kutoka nyanda za juu za volkano, Kerimasi na Lengai zikiwemo, ukayamwaga upande wa magharibi. Mvua ikayeyusha chokaa na chumvi zake, zikashuka na kuganda kuwa tabaka gumu chini ya udongo. Mizizi ya miti inagonga pale inarudi. Nyasi fupi zinaweza, na nyasi hizo zina madini ya kutosha, kalsiamu na fosforasi, ambayo nyumbu jike anayenyonyesha anayahitaji. Ndiyo maana wanazalia huko mwanzoni mwa mwaka. Akina Grzimek walijiuliza kwa nini wanyama wanapendelea nyasi za sehemu fulani na kuacha nyingine. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa volkano.

Halafu swali tamu: miti inaanzia wapi? Ukisafiri kwenye mstari wetu kutoka Lengai kuja Bariadi, majivu yanapungua unene, udongo unabadilika, mvua inaongezeka, na pori linaanza. Mwanafunzi anayeweza kuonyesha kwa kidole mahali nyanda tupu zinapokutana na miti, ameshaanza kusoma ramani ya majivu bila kujua. Katika mtaala tuliosoma sisi kulikuwa na mada ya kusoma na kutafsiri picha. Nilishangaa sana kwamba mada hiyo na ya volkano zinafundishwa kama watu wasiofahamiana.

Ila hapa lazima niweke jambo zito. Usionyeshe filamu hii Simiyu kama vile ni picha za mlima tu. Wanafunzi wengi wa Bariadi, Itilima, Meatu na Busega wanaishi jirani na Serengeti au Pori la Akiba la Maswa. Wanajua mpaka ni nini. Wanajua ng'ombe akivuka nini kinafuata, na tembo akivuka kuja shambani nini kinafuata. Msimamo wa Grzimek ulikuwa wazi: hifadhi ni ya wanyama, watu wasiishi ndani, hata wenyeji. Filamu ilitoka mwaka uleule wa 1959 ambapo Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wakiishi upande wa Serengeti wakahamishiwa huko. Kamera inayotazama kutoka juu inaona vizuri kaldera na majivu. Hiyohiyo inafanya boma la mtu lionekane kama doa kwenye mandhari. Kwa hiyo uliza darasani: aliyerusha ndege hii alitaka tukubali nini? Nani hasikiki akizungumza? Mwanafunzi anayejua kuuliza hivyo hajatoka nje ya Jiografia. Yuko katikati yake.

Ambacho kamera haikuwahi kukiona

Filamu zote mbili zina upungufu mmoja mkubwa, na si kosa la waliozitengeneza. Kamera inahitaji mtu awepo. Mandhari ya volkano sehemu kubwa imetengenezwa wakati hakuna mtu.

Jaribu hesabu hii. Kipindi kimoja cha shule ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Miamba ya granaiti ya ukanda wetu wa Ziwa, ile mawe yaliyobebana unayoyaona ukitembea Usukumani, ina umri wa miaka bilioni 2.5 au zaidi. Tufanye kengele ya kuanza kipindi ilipigwa wakati granaiti ile inaganda, na kengele ya kutoka ni leo. Sekunde moja ni kama miaka milioni moja.

Kipindi kinaanza. Dakika ya kwanza, ya kumi, ya thelathini, bado. Ikibaki kama dakika moja kasorobo, mlipuko unatokea Mwadui. Zikibaki sekunde nne hivi, watu wa kale wanatembea Laetoli juu ya majivu mabichi na kuacha nyayo, zile zilizogunduliwa miaka ya 1970 na timu ya Mary Leakey. Zikibaki sekunde mbili hivi, Ngorongoro inadidimia. Maisha yote ya akina Krafft, filamu zao zote, ndege yote ya Grzimek, havifiki hata kupepesa jicho mara moja kabla ya kengele.

Umeona? Filamu inamfundisha mwanafunzi volkano kwa kutumia kipande cha sekunde ya mwisho, halafu anadhani ndiyo somo lote.

Na hapo ndipo swali la yule dada linarudi. Huku kwetu hatuna chochote cha volkano? Turudi Mwadui. Wilaya ni Kishapu, mkoa wa Shinyanga, lakini hadi mwaka 2012 Bariadi nayo ilikuwa Shinyanga, na kutoka Bariadi ni chini ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Mgodi wa almasi wa Mwadui, uliogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, ni mdomo wa volkano. Miaka milioni 50 na kitu iliyopita magma ya aina ya kimbalaiti ilipanda kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100, ikaja na almasi, ikapasua ardhi. Mdomo wake una hekta 146, ni miongoni mwa mikubwa ya aina yake duniani, na mmomonyoko haujaufuta: sehemu ya juu ya kreta ya kale bado ipo. Hakuna moto, hakuna moshi, hakuna filamu ya mlipuko. Kuna lori na vumbi. Wanafunzi wetu wengi wana mjomba au baba mdogo aliyewahi kufanya kazi huko, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba alikuwa anachimba ndani ya volkano.

Na granaiti? Granaiti ni magma iliyoshindwa kutoka. Ilipoa polepole chini, kilomita kadhaa chini ya ardhi, hadi chembe zake zikakua kiasi unaweza kuziona kwa macho. Ardhi iliyokuwa juu yake ikaliwa na mvua na upepo kwa muda usiohesabika, ndipo jiwe likatokeza. Mtoto anayeanika nguo juu ya lile jiwe anaanika juu ya moto uliozimika. Ukienda Geita, dhahabu imo kwenye mikanda ya miamba ambayo sehemu yake ni lava, ya kale kama hiyo granaiti.

Kwa hiyo jibu langu, "huku hakuna", lilikuwa kosa mara tatu: majivu upande wa mashariki, Mwadui upande wa kusini, na jiwe lenyewe nje ya dirisha la darasa.

Tahadhari moja, ili tusiende upande wa pili. Udongo mweusi wa mbuga unaolimwa pamba na mpunga siyo majivu ya Lengai. Vitabu vinarudia kwamba udongo wa volkano ni mweusi na una rutuba, basi mwanafunzi anaona mbuga nyeusi anasema "volkano hiyo". Mbuga ni mfinyanzi laini uliojikusanya mabondeni, unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Wasukuma wana majina yao kwa udongo kufuata mteremko, luseni ya kichanga juu, itogolo ngumu katikati, mbuga chini, na majina hayo yanaeleza zaidi kuliko rangi. Rangi ilitudanganya kwenye lava. Isitudanganye kwenye udongo.

Ningeonyeshaje leo

Tulirudi wiki mbili baadaye. Safari hii hatukuwa na projekta. Tulikuwa na simu mbili, vipande vya filamu visivyozidi dakika tatu kila kimoja, rula, na mfuko wa mawe. Wanafunzi walikaa makundi.

Kipande cha kwanza kilikuwa lava, sauti imezimwa. Swali moja tu: inatembea kama nini, maji, uji au ugali? Kisha tukaandika ubaoni maana ya unato. Kipande cha pili kilikuwa Ngorongoro kutoka angani. Simamisha, chora, andika majina ya sehemu, kisha bishana: kulipuka au kudidimia? Kipande cha tatu kilikuwa nyumbu, na swali la miti inaanzia wapi. Kila kipande tuliandika juu yake mambo manne: kimepigwa wapi, mwaka gani, kamera ilisimama wapi, na nini hakionekani. Hilo la nne ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote, na ndilo lililoleta kelele nzuri. Mmoja alisema "hakionekani kilicho chini". Mwingine akasema "hawaonekani wenye ng'ombe". Wote wawili walikuwa sahihi.

Mwisho tukatoa rula na ramani. Mstari ukavutwa. Halafu tukatoka nje, tukasimama mbele ya jiwe la granaiti nyuma ya uwanja, kila mtu na kipande chake kilichovunjika, kutafuta chembe zinazong'aa.

Hukumu yangu basi. Fire of Love ni filamu nzuri sana ya kuangalia nyumbani na ni mwalimu msaidizi asiyetakiwa kuachwa peke yake darasani: chukua mwendo wa lava, acha sauti, na rangi mbili zifuatishe na Lengai palepale. Filamu ya akina Grzimek ina mandhari bora za volkano bila kujitambua, na ina siasa ambazo mwanafunzi wa Simiyu ana haki ya kuzijadili kwa sauti. Zote mbili zinaishia njiani kama hutavuta mstari hadi darasani ulipo.

Yule dada wa nyuma alichora mkato wa ardhi kutoka Lengai hadi Bariadi: mlima, majivu mazito, majivu membamba, miti, jiwe. Chini ya jiwe aliandika kwa penseli, "magma ambayo haikutoka". Akaniletea daftari nisahihishe, nikaweka vema. Kisha akanikumbusha, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ile siku ulisema huku hakuna."

Nikamwambia nilikosea.